Ndege wa Matumbo Wazi

Shangazi alianza kufungasha tena kabla hata sherehe haijafika. Nilimkuta ameinama juu ya kitanda, anakunja mitandio yake na kuipanga kwenye begi kwa rangi, jambo ambalo hulifanya akiwa ameshaamua na hataki kuulizwa.

"Tunakwenda wapi?" nikauliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Kwa yule mwenye nyuki. Ana nafasi. Nimeona picha, nyumba ina roshani."

"Shangazi, wewe nyuki unamwogopa hata akiwa kwenye picha."

"Nitazoea."

Nilikaa kwenye kitanda cha pili nikavua viatu kwa hasira. Nilikuwa nimechoka na mabegi. Likizo yetu ilikuwa ya aina ile ya kufanya kazi: unakwenda nchi ya watu, unamsaidia mwenyeji wako saa chache kwa siku, naye anakupa kitanda na chakula, muda unaobaki ni wako. Niliipanga peke yangu, niende peke yangu. Nilichoka kushinda maabara napokea vikopo vya mikojo ya watu, nikaomba likizo ndefu, nikajiona tayari nimekaa mahali nanywa chai bila kuitwa. Safari ikiwa imekaribia, Shangazi akaingia sebuleni kwetu akatangaza kwamba anakuja na mimi. Hakuomba. Alikuwa mjane wa juzijuzi, na mjane hakataliwi kitu, kwa hiyo nikatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wakwe.

Tulianza kwa mfuga mbuzi. Shangazi akasema mbuzi wanamtazama. Tukahamia nyumba ya wageni ya kando ya barabara, akasema godoro lina mabonde. Kwa mwalimu mstaafu mwenye bustani hakupata kosa lolote, aliniamsha tu asubuhi akiwa ameshavaa viatu. Kila tulipoanza kujua swichi ya taa iko upande gani wa mlango, tunafungasha. Kutwa kiguu na njia. Nilikuja kupumzika nikageuka mchukuzi.

Sababu niliijua, ila nilikatazwa kuitaja.

Shangazi ni fundi cherehani. Mumewe, ambaye sisi watoto tulimwita Mzee Redio kwa sababu hata chooni aliingia nayo, alifariki ghafla shati lake likiwa bado chini ya sindano. Kola ilikuwa tayari, mfuko tayari, mkono wa kulia tayari. Mkono wa kushoto ulikuwa umebanwa kwa pini tu. Baada ya mazishi Shangazi hakulishona wala hakuruhusu mtu alitoe pale. Alikuwa anakwenda kukaa mbele ya cherehani, anaweka kiganja juu ya kitambaa, basi. Mama yangu, ambaye ni wifi yake na wanaishi ua mmoja, alivumilia hali ile mpaka ikamshinda. Siku moja Shangazi alipokwenda hospitali kupima presha, Mama akakaa kwenye kile kiti, akaushona mkono wa kushoto, akalipiga shati pasi, akalitundika kabatini. Alifanya kwa moyo mweupe kabisa. Aliona anampunguzia mwenzake mzigo.

Shangazi aliporudi akakuta cherehani tupu. Hakupiga kelele, hakulia. Tangu siku hiyo hakusema neno na Mama, na ndani ya muda mfupi akawa na tikiti ya ndege. Mama akipiga simu, Shangazi alinionyesha kwa kidole upande wa bafuni, nami nikasema anaoga. Kwa hesabu za Mama, wifi yake alikuwa ndiye mtu msafi kuliko wote duniani.

Sasa likizo ilikuwa inakwisha. Maabara walishaniuliza kama bado nina nia na kazi. Baba alikuwa ameniambia kwenye simu, kwa ile sauti yake ya chini, "Usirudi bila dada yangu. Hapa nyumba haikaliki." Tikiti zetu za kurudi zilikuwa za kesho yake baada ya sherehe, na huyu hapa anakunja mitandio aende kwa nyuki. Kichwa kilikuwa kinaniuma upande mmoja.

Wenyeji wetu wa safari hii walikuwa mke na mume. Mume alikuwa seremala, mtu mnene mpole mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Mkewe tulimwita Mama Mwenyeji, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, ambaye akifikiri huwa anafunga na kufungua mkasi. Kila mwaka, sikukuu zikikaribia, waliifungua karakana yao wakaalika majirani waje kutengeneza mapambo kwa mikono yao. Sisi tulikuja kusaidia maandalizi. Tulizungumza nao lugha ya kuungaunga: mimi nilikuwa na maneno ya darasani, Shangazi alikuwa na mikono, na wao walikuwa na subira.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ndege wa kitambaa, wa ukubwa wa kiganja, wa kuning'inizwa dirishani. Mama Mwenyeji alichora na kukata. Shangazi alishona pembeni kuzunguka, akiacha tumbo wazi kama alivyoonyeshwa. Mimi nilipewa kazi ya watu wasiojua kazi, kuwapindua kwa kijiti ili mdomo na mkia vitokeze vizuri. Ndege walijaa kikapu kimoja, wakaanza kingine. Shangazi alikuwa anashona anatembea. Naapa. Kitambaa mkononi, sindano inakwenda, na yeye anazunguka meza, anatoka mpaka mlangoni, anachungulia barabara, anarudi. Seremala alimwekea kiti chenye mto, akamwekea kingine chenye mto mkubwa zaidi. Akakaa kidogo kwa adabu, akasimama.

"Fundi ana moto miguuni," Seremala aliniambia.

"Ana moto kila mahali," nikamjibu.

Siku ya kuamkia sherehe tulikwenda kuazima mabenchi kwenye shule moja, mimi na wenyeji wote wawili, kwa gari lao la kubebea mbao. Shangazi alisema mgongo hautaki gari. Tukamwacha karakana na vikapu vyake viwili, gunia la pamba na kopo la vifungo. Hakuna aliyemwambia aguse, wala aliyemwambia asiguse.

Tuliporudi mchana alikuwa amesimama mlangoni, anatusubiri. Anatabasamu. Nilishtuka, kwa sababu lile tabasamu nilikuwa nimelisahau, lenye pengo dogo pembeni. Akamshika Mama Mwenyeji mkono akamvuta ndani.

Ndege wote walikuwa wamekwisha. Amewajaza pamba, amewafunga matumbo, amewatia macho ya vifungo. Alikuwa amewapanga juu ya meza ndefu, safu kwa safu, wote wanatazama mlangoni. Mshono wa tumbo hukuuona hata ukiinama, maana Shangazi akifunga kitu kimefungwa.

"Mwambie asihangaike tena," Shangazi akaniambia. "Mwambie nimeona amechoka, nimemmalizia. Kesho ni kuning'iniza tu."

Nilitafsiri. Mama Mwenyeji alichukua ndege mmoja, akamgeuza, akapitisha kidole gumba tumboni. Akamrudisha pale pale alipomtoa, akamnyoosha asimame sawasawa na wenzake.

"Ameshona vizuri sana," akasema. Kisha akaingia jikoni, tukasikia bomba la maji linafunguliwa, na halikufungwa.

Seremala alinivuta nje, karibu na mabenchi. Alikuwa anatafuta maneno mepesi ili niyaelewe, na hilo lilinitisha zaidi. Akanieleza kwamba watu hawaji kuona ndege. Wanakuja kila mmoja na kitu kidogo kutoka kwake: kifungo cha sare ya mtoto aliyekua, kipande cha pazia la nyumba waliyohama, kamba ya kiatu. Wanakaa mezani, wanatia kile kitu tumboni pamoja na pamba, wanafunga wenyewe kwa mshono wao mbovu, halafu wanatia macho. Macho ni ya mwisho kabisa. Kuna wanaokaa mwaka mzima wakifikiria cha kutia.

"Hatuwezi kushona wengine?" nikauliza.

"Kitambaa kimekwisha. Na maduka yamefungwa, sikukuu hii." Akajikuna nyusi, vumbi likaanguka. "Usimwambie Fundi. Tutaning'iniza hivyo hivyo. Tutawapa watu chai."

Aliyasema kwa wema wa kweli, na mimi niliporudi ndani nilikusudia kunyamaza. Lakini Shangazi alikuwa ameshaona. Alikuwa katikati ya karakana, anasikiliza lile bomba la jikoni.

"Amekasirika," akasema. "Kwa nini amekasirika?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia vibaya, kwa haraka, kwa sababu nilikuwa nimechoka, nimeona aibu, na bado nilikuwa na kinyongo cha mabegi. Shangazi alinisikiliza huku anazunguka meza.

"Sasa mbona hawakusema?"

"Hukuuliza."

"Niulize nini? Kazi imeachwa katikati, mimi ni fundi, niiangalie? Nimekaa hapa peke yangu na matumbo wazi yananitazama vikapu viwili. Siwezi, unasikia? Siwezi kukaa na kitu kilichoishia njiani. Nilitaka kumsaidia. Alikuwa amechoka, nilimwonea huruma, sikuwa na nia nyingine."

"Hivyo hivyo ndivyo alivyosema Mama," nikasema.

Yalinitoka. Sikuwa nimeyapanga, na nilipoyasikia nilitamani kuyarudisha. Shangazi aliacha kuzunguka. Kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani nilimwona amesimama bila mguu mmoja kutangulia. Nilidhani atanizaba kofi, na ningelipokea.

Hakunizaba. Alivuta kile kiti chenye mto mkubwa akakaa.

"Niletee wembe," akasema.

Alichukua ndege wa mwanzo wa safu ya kwanza. Alimng'oa macho kwanza, kifungo kimoja, kisha cha pili, akavirudisha kwenye kopo. Halafu akamlaza chali, akatafuta pa kuingilia, akaanza kukata nyuzi za tumboni moja moja. Ilikuwa kazi ya taabu. Mshono wake ulikuwa mdogo na umekazwa kama wa kiatu, na kitambaa kilikuwa chepesi. Wembe ukiteleza tu, ndege kachanika. Nilijaribu mmoja nikamtoboa bawa, Shangazi akaninyang'anya wembe akanipa kazi ya kutoa pamba.

Machozi yalikuwa yanamtoka anafumua, hajisumbui kuyafuta. Mazishini alikuwa amejikaza kisabuni, watu wakamsifu kwa uvumilivu. Sasa alilia kwa sauti ndogo ya kukoroma, pua inavuja, na mikono haikutikisika hata kidogo. Mimi nilitoa pamba tu.

Bomba la jikoni likafungwa. Mama Mwenyeji alitokea na sinia la chai, akasimama mlangoni akiona ndege waliofunguliwa matumbo na mwanamke anayelia juu yao. Aliweka sinia chini. Akavuta benchi moja la shule, akakaa upande wa pili wa meza, akachukua mkasi wake mdogo.

Shangazi alimweleza kila kitu, kwa Kiswahili kitupu. Shati, pini, presha, wifi, kabati. Nilifungua mdomo nitafsiri, akanikatiza kwa mkono. Mama Mwenyeji alikuwa anaitikia kwa kichwa mahali panapofaa, na mara moja alisema kitu kifupi kwa lugha yake ambacho nilikielewa lakini sikuombwa kukisema. Alisema, "Mimi ningemvunjia kabati."

Walifumua mpaka mwanga wa dirishani ukaisha, Seremala akawaondoa kwa nguvu waende kula. Safu za mwisho zilibaki zimefungwa.

Asubuhi watu walikuja mapema, na watoto, na makoti yananuka mvua. Kila mmoja alikuwa na kitu kwenye kiganja au mfukoni na hakutaka kukionyesha sana. Ndege waliokuwa wazi waliisha upesi. Mama Mwenyeji akasimama, akawaambia waliobaki kwamba mwaka huu wao wataanza kwa kufumua, akagawa nyembe na mikasi. Nilisubiri manung'uniko. Hayakuja, ila baada ya muda bwana mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, amekunja uso juu ya ndege wake, akauliza kwa sauti:

"Aliyemshona huyu alikuwa amemkasirikia nani?"

Karakana nzima ikacheka. Shangazi akanivuta mkono nimwambie kimesemwa nini. Nikasita, nikamwambia.

"Mwambie ni wifi yangu," akasema.

Nikamwambia yule bwana. Wakacheka zaidi, na bibi mmoja wa mbele akasema wifi huyo lazima ni kiboko. Shangazi hakucheka, lakini alisogeza kiti chake karibu na yule bwana, akamwonyesha wapi pa kuingiza wembe. Akahamia kwa wa pili yake akiwa amekaa hivyo hivyo, anaburuta kiti. Asubuhi nzima hakusimama. Nilimwangalia kwa wasiwasi, kama ninavyoangalia kipimo nisichokiamini, nikisubiri aende mlangoni akachungulie barabara. Mimi ndiye niliyekwenda. Nilitoka mara tatu kuangalia simu, nikapanga maneno ya kumwambia Baba kwamba nimeshindwa, nikapanga na maneno ya kumwambia mwenye nyuki.

Watu walipoanza kupungua, Mama Mwenyeji alimletea Shangazi ndege mmoja aliyekuwa amemwekea pembeni. Tumbo wazi. Akamwekea na bonge la pamba na vifungo viwili.

"Huyu wako, Fundi," nikatafsiri. "Anasema utie chochote."

Shangazi alimpokea. Akafungua mkoba wake akauchungulia. Akatoa sindano zake, dawa za presha, pasipoti, leso, karatasi ya peremende. Akavipanga mezani, akavitazama, akavirudisha. Alifanya hivyo tena. Nilimwona anapapasa mifuko ya koti.

"Sina cha kutia," akasema. "Vitu vyangu vyote viko nyumbani." Alikaa na ndege mapajani. "Nipigie wifi yangu."

Nilikosea kubonyeza, nikaanza upya. Simu iliita, na Mama akapokea haraka, kama kawaida yake, akaanza kuniuliza kama nimekula. Shangazi akainyang'anya simu.

"Wifi," akasema.

Nikaweka sikio langu karibu na lake, na hakunifukuza.

"Umemaliza kuoga, wifi?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba sana.

"Nimemaliza."

"Haya."

"Sikiliza. Lile shati."

"Nitalitoa, wifi. Nitalipeleka popote unapotaka, nitalichoma ukitaka. Mimi sikujua, nilikuona tu umekaa pale kila siku nikashindwa, sikujua kama..."

"Najua hukujua. Mimi pia sikujua. Nisikilize kwanza." Shangazi alipitisha kidole kwenye tumbo la ndege, pale palipoachwa wazi. "Ufumue mkono wa kushoto. Kwa wembe, taratibu, usinichanie kitambaa. Ukimaliza uubane kwa pini kama ulivyoukuta, ulirudishe chini ya sindano. Halafu uliache. Usilifunike, usilipige pasi. Tunafika keshokutwa, nitaushona mwenyewe nikiwa tayari."

Nilisikia Mama anavuta pumzi, anatafuta pa kukaa. Kiti cha jikoni kwetu kinalia ukikikalia, nikakisikia kinalia.

"Pini zako ninazo," akasema. "Nilizifunga kwenye kitambaa siku ile ile. Sikuweza kuzitupa."

Shangazi alinirudishia simu, akamtia ndege kwenye mkoba, hana macho, hana kitu tumboni, juu ya dawa za presha. Kisha akaniambia nikamwandikie mwenye nyuki kwamba hatuendi.